Shikamoo ya Askari

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Barua yako imefika. Mguu wa bibi yako umepona tangu arudi kutoka hospitali ya Mkomaindo, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Unauliza kwa nini nilikwenda Chiwata kumzika mzee aliyekuwa askari wangu gerezani. Ya viboko nilivyochapwa humo nayaacha. Nilifungwa Newala enzi za Mwingereza, kwa kupika gongo, ile pombe haramu, ya mabibo ya korosho. Kazi yetu ilikuwa kupandisha madebe ya maji kutoka bondeni, na mfungwa alikatazwa kabisa kusema na raia.

Asubuhi moja nikamkuta mama yangu kwenye foleni ya kisima. Nikampita kimya, debe kichwani, machozi yananitoka. Kumpita mzazi bila salamu, Neema!

Yule askari, kijana kama mimi, aliniona.

“Ni mama yako?”

“Ndiye, afande.”

Akarudi nyuma, akavua kofia mbele ya watu wote. “Shikamoo, mama.”

Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. “Marahaba, wanangu. Nyote wawili.”

Sasa niambie wewe: anazikwa mtoto wa mama yangu, nibaki nyumbani?

Babu yako,
Masasi