Roboti Yangu Inafuata Selotepu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakusihi usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, nasoma uzamili wa uhandisi wa roboti, na baada ya wiki tatu natakiwa kusimama mbele ya walimu watano kutetea tasnifu yangu, ambayo inahusu mkono wa roboti unaotazama meza kwa kamera, ukaona kikombe kichafu, ukakiokota na kukiweka kwenye beseni bila kukivunja. Kazi hii imenila miaka miwili, nimevunja vikombe mpaka muuza duka akaniuliza kama kwetu tunapigana navyo.

Sasa, ili kuufundisha mkono huo ilibidi niuonyeshe maelfu ya picha za vikombe, na ili nisisahau pa kuvirudisha nikabandika mezani vipande vya selotepu ya buluu, kila kikombe pembeni ya kipande chake. Kuna mama wa usafi anayesafisha maabara yetu, rika la mama yangu mzazi, na siku moja alikuwa anapiga deki huku mimi najaribu mashine, akasimama, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, hilo dude lako halioni kikombe. Linafuata hiyo selotepu." Nami nikamjibu, "Mama, hayo tuachie sisi tunaoyasomea," akasema haya, akaendelea na deki lake.

Wiki iliyofuata tukaambiwa wageni wanakuja, maabara ing'ae, yule mama akaniuliza, "Hizi selotepu nizibandue?" nami macho yangu yakiwa kwenye kompyuta nikasema bandua tu, akabandua, akaifuta meza ikawa kama mpya. Kesho yake, mbele ya wageni na mkuu wa idara na msimamizi wangu aliyekuwa amevaa tai kwa mara ya kwanza, mkono ukashuka ukaviacha vikombe vyote, ukashika hewa, ukaibeba hiyo hewa kwa uangalifu mkubwa mpaka kwenye beseni, ukarudi kufuata nyingine. Wageni wakacheka, msimamizi akaniuliza kulikoni, na mdomo wangu, mshauri, ukawahi: "Mama wa usafi ameigonga kamera."

Walipoondoka nikabandika selotepu upya, mashine ikafanya kazi, nikaondoa vikombe nikaacha selotepu peke yake, mkono ukazifuata vilevile. Nikajua yule mama alisema kweli. Lakini sikumwambia mtu, nikafanya majaribio mia moja selotepu zikiwepo, yakafaulu tisini na manne, nikaandika tisini na manne kwenye tasnifu. Yule mama kapewa barua ya onyo, kakatazwa kukanyaga maabara, sasa anasafisha vyoo vya jengo la pili, na mkataba wake unajadiliwa mwisho wa mwezi. Juzi tumekutana kwenye ngazi, akanisalimia kama kawaida, "Masomo yanaendaje, mwanangu?" nikasema mazuri, nikapita, na tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Mama yangu ameshawatangazia ndugu wote, kaka ameomba likizo aje kunishuhudia. Nilikuwa nafikiri nitetee kwanza, nikishapata shahada nimtafute yule mama nimpe zawadi nzuri, nimwombe radhi kimya kimya. Je, nitakuwa nimekosea?

Ni mimi, Niliyekwama Maabara

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu uliyekwama,

Nilicheka, nisikufiche. Nilicheka pale roboti ilipobeba hewa. Halafu nikafika kwa yule mama na kicheko kikaniisha.

Mimi mambo ya roboti siyajui, hata mashine ya kufulia hapa nyumbani hunishinda. Ila kwa jinsi ulivyoeleza, roboti yako haina kosa. Ulifundisha selotepu, ikajifunza selotepu. Na kosa lako la kwanza halinitishi, kwani mwanafunzi asiyekosea anasoma nini? Umeharibu pale mtu mzima aliyekuwa na macho alipokuonya bure, ukamwona hana shule. Kisha ukamwambia abandue, akabandua, ukamgeuka. Mpaka kwenye ngazi mkubwa ndiye aliyeanza kukusalimia wewe, shikamoo ikakushinda! Chakula kisipopita, wala usimlaumu mpishi.

Najua unaogopa. Miaka miwili si mchezo, na aibu ya mbele ya ndugu ni chungu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kati ya walimu hao watano hakosi mmoja atakayesema, "Hebu sogeza kile kikombe hapa." Utafanyaje? Utambandikia selotepu kidoleni?

Zawadi ya kimya kimya sahau. Ulimchafua mbele za watu, kwa hiyo utamsafisha mbele za watu. Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi wako, ubebe kikombe kimoja na selotepu, umwonyeshe kwa vitendo. Mwambie yale majaribio mia yalikuwa na selotepu, na umwombe tarehe isogezwe. Atafoka, mwache afoke. Ukitoka hapo usipitie kwa rafiki kulia, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara na barua yenye sahihi yako: kwamba kamera haikuguswa na mtu, kwamba wewe ndiye uliyesema selotepu zibanduliwe, na kwamba barua ya onyo iondolewe kwenye faili lake. Nakala impate aliyemwajiri, kabla ya huo mwisho wa mwezi. Shahada yako itasubiri, mkataba wake hausubiri. Kaka yako naye mpigie leo, mwambie likizo ataichukua siku nyingine. Ndugu hawafi kwa kuahirishiwa sherehe.

Baada ya hapo ndipo umfuate yule mama, mikono mitupu. Mwamkie. Mwambie, "Mama, ulisema kweli, nami nikakusingizia." Akikasirika, kaa umsikilize mpaka amalize, hasira hiyo ni haki yake.

Kisha rudi maabara, bandua selotepu zote, uanze upya. Na siku atakaporuhusiwa tena kuingia, kama yuko radhi, mpe yeye kikombe akiweke mahali popote anapotaka pale mezani. Mkono ukikiokota, nenda katetee.