Nani Anaugusa Wino Wangu?

Alhamisi. Jua la Februari limewaka tangu asubuhi, mlima umeonekana wote mpaka theluji yake, na mimi niko na hasira ya kuvunja vikombe.

Tangu Krismasi iishe nimemshuku kila mtu. Wacha niandike hapa, kwa sababu Nyeri ni mji mdogo na watu wanapenda mambo ya watu.

Mimi huchora mlima. Picha zangu ni ndogo, za ukubwa wa kiberiti, na hoteli moja ya Nanyuki huzipanga kwenye kabati la kioo dirishani ili wageni wanunue. Hiyo ndiyo kazi yangu na ninaipenda kupita kiasi. Sasa mwezi jana meneja wao, mama mmoja asiyecheka, akaniita nizitazame. Ngai! Buluu yote ilikuwa imekimbia. Mlima umebaki kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Akaniambia nilete nyingine zisizopauka, ama nisirudi tena. Niliona haya mpaka masikioni.

Na buluu yangu haipauki! Ninaijua. Wino wa kuchorea una unga ndani yake, na ukiuacha chupani unga unatulia chini, kwa hiyo lazima utikise chupa kabla ya kuchovya brashi. Wino wa shule hauna unga. Unapendeza ukiwa mbichi, lakini ukipigwa na jua, kwisha. Mimi hununua ule wa unga kwa Mzee Abdi, mwenye duka la karatasi na kalamu huko Nanyuki.

Basi nikamshuku Mzee Abdi.

Nilienda dukani nikamkazia macho, nikamuuliza kama siku hizi anaongeza maji. Alicheka kwanza, halafu akakasirika. "Mama, mimi nauza wino. Maji iko mtoni, ni ya bure." Akanipa chupa mpya, haijafunguliwa, akaniambia nikaipime mwenyewe. Niliichukua lakini sikumwamini. Mtu mwenye jibu tayari namna hiyo ananitia wasiwasi.

Nikamshuku hata rafiki yangu Wangari, kisa na maana siku moja alikunywa chai karibu na meza yangu ya kuchorea. Aibu iliyoje.

Mwishowe nilifanya kile wachoraji hufanya wakiwa na shaka. Nilipaka mstari mmoja kwa wino wa chupa mpya, na chini yake mwingine kwa wino wa chupa ya mezani kwangu. Nikafunika nusu ya karatasi kwa kadibodi, nikaibandika kwenye dirisha la stoo, upande wa jua. Sikumwambia mtu.

Leo nimeibandua. Mstari wa juu uko vile vile, palipofunikwa na palipo wazi. Wa chini umebaki nusu. Palipopigwa na jua hakuna kitu, ni kivuli tu.

Nilimwaga ile chupa ya mezani yote kwenye sahani nyeupe. Hakuna hata chembe ya unga. Ndipo nikakumbuka kwamba siku nyingi sasa sijahitaji kuitikisa.

Kwa hiyo Mzee Abdi hana makosa. Wino umebadilishwa hapa nyumbani.

Chumba cha kuchorea kina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili uko na Baba Njeri, mume wangu, ambaye ni mwalimu na wino wa shule haukosi mkobani mwake. Ati kikulacho ki nguoni mwako. Watoto wa kanisani nimewafundisha methali hiyo mara ngapi, bila kuisikia mwenyewe? Huyu ndiye aliyenitengenezea meza ya kuchorea kwa mikono yake!

Aliporudi kutoka shule niliweka karatasi mbele yake. Nikaweka kidole kwenye mstari uliopauka. Niliomba akane, haki ya Mungu. Angekana ningemwamini.

Hakukana.

"Mama Njeri, hiyo hoteli imekuchukua," akasema. "Kila wiki ni Nanyuki, Nanyuki. Nikikukataza mimi, utanichukia. Wakikukataa wao, utarudi hapa kwangu ulie."

Na kweli nililia. Siku ile niliyotoka kwa meneja nililia kifuani pake mpaka shati likalowa. Alinipangusa machozi, akaniambia pole, akaniambia labda Mungu anataka nipumzike.

Alikuwa anajua.

Kesho ninaenda Nanyuki na mlima mpya, umechorwa kwa chupa ya Mzee Abdi, na yeye nitamwomba msamaha. Kufuli nitanunua huko huko. Ya mlango ni rahisi. Lakini asubuhi Baba Njeri ataniletea chai kitandani kama kawaida yake, na nitainywa vipi bila kuinusa kwanza?