Upanga Nilioung'arisha

South End, Louisville
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Theodosia,

Shikamoo. Hamjambo huko Buffalo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya mtaa wenu wa Riverside? Mama na wadogo zangu ni wazima. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nakuandikia kuhusu Delfina. Kazi hii ya ukarani kwenye nyumba ya mnada ni yeye, msafishaji wa humo, aliyeniombea, kwa sababu yako.

Mjane mmoja wa Columbus alituletea upanga mfupi wa Kijapani, wa kale sana, tumuuzie. Kikingio chake cha mkono kilikuwa cheusi, chenye korongo wadogo wa dhahabu. Niliambiwa niupige picha tu. Lakini Shangazi, unajua tulivyolelewa kambini kwa wakimbizi: chombo hakiwekwi mbele ya mgeni kikiwa na masizi. Niliutoa mpini, nikachukua siki na stilwaya ya kusugulia vyombo kwenye kabati la usafi la Delfina, nikasugua kikingio na chuma kilichokuwa ndani ya mpini mpaka vyote vikang'aa kama sufuria za Pasaka.

Mtaalamu wetu wa vitu vya kale alipouona alikaa chini. Weusi ule haukuwa uchafu, fundi aliutia mwenyewe kwa ustadi. Na kutu ya ndani ya mpini ndiyo iliyoonyesha umri wa upanga. Haitarudi.

Meneja alipoikuta stilwaya kando ya upanga akamwita Delfina. Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo aliyetafsiri ni mimi.

"Mwambie sufuria zangu zinanitosha," Delfina akasema. "Mapanga ya watu nayafuatia nini?"

Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. La kwangu sikulisema. Akafukuzwa, akatoka na mfuko wake mbele ya wote, na mlango nikamfungulia mimi.

Ijumaa nilishindwa kula, nikaenda kwa meneja nikamwambia ukweli. Mimi bado hajaniamulia. Delfina ameitwa arudi, naye amenijibu hivi: "Karani, Kiingereza chako kizuri. Jumatatu kiseme mbele ya walioniona nikitoka. Usipokisema, sirudi."

Jumatatu ni kesho. Naogopa, lakini nitasema. Nakuomba usimpigie Delfina kumsihi anipunguzie. Akikupigia yeye, msikilize mpaka amalize. Yote atakayosema juu yangu ni kweli.

Nisalimie Mzee Athanasi, na Spés na watoto wake. Mungu awakinge na theluji hiyo, na goti lipone.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye kwa aibu,
Gaudiosi