Wamenipasua, Mshono Siuoni

Mama Zuhura, mke wangu, pokea salamu kutoka Kigoma.

Operesheni ya tezi dume imekwisha, lakini mwenzio sielewi. Nilipofumbua macho miguu ilikuwa na ganzi, nikapapasa tumbo, hakuna mshono. Mzee wa kitanda cha jirani, mkimbizi kutoka Burundi, naye alikuwa anajipapasa.

“Mbega, wewe walikupasua wapi?” akaniuliza.

Nesi akacheka. “Daktari alipitia njia ya mkojo, wazee wangu.”

Hatukumwamini. Leo wametutoa mipira ya mkojo. Nilikojoa mwenyewe, nikalia.

“Sasa twende nyumbani,” mwenzangu akasema, kisha akarudi kuketi kitandani. Kwao bado wanapigana. Nikamkaribisha kwetu Ilagala.

Tupikie wale samaki wetu, migebuka, mpenzi. Nimekukumbuka mno.

Mumeo, Mbega, Baba Zuhura