Mzee Baluku Kwenye Katalogi

Dada Rehema, shikamoo.

Mvua ya Bwera inapiga bati, chai imepoa, na hata samaki wa kukaanga niliyemsifu nilipohamia wilaya hii ya Kasese, leo bado yuko kwenye sahani.

Asubuhi tulizindua katalogi mpya ya maktaba yetu. Kanuni za siku hizi zinataka kila mwandishi awe na rekodi yake moja, na maandishi yake yote yaunganishwe hapo. Sawa. Lakini Wakonzo, wenyeji wa huku, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mvulana wa kwanza ni Baluku katika nyumba nyingi. Nilimwambia bosi wetu. Akanijibu, "Usinifundishe kazi." Waandishi wote walioitwa Yosefu Baluku akawafanya mtu mmoja, na mwaka aliokufa mmoja wao ukawaangukia wote.

Basi akaja mzee Yosefu Baluku, aliyeandika kijitabu cha kufuga nyuki, amevaa koti la kanisani, ajione kwenye kompyuta. Akasoma, akanigeukia.

"Mimi iko hapa mbele yako. Nani alinizika?"

Watu wakacheka. Bosi akamwambia alete barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba yu hai.

Mzee alikwenda kwenye rafu, akachukua kijitabu chake, akakitia ndani ya koti, akatoka kwenye mvua. Sasa katalogi yetu inasema kitabu kipo, mwandishi hayupo.

Nibusie wanao, dada. Waite kwa majina yao, mmoja mmoja.

Mdogo wako,
Hamisi