Jina Uliloniazima, Bibi

Bibi,

Shikamoo. Najua huna tena haja ya shikamoo yangu, lakini nimeshindwa kuanza bila hiyo.

Leo ni Jumamosi. Nipo Namanyere kwa Shangazi Editha, nimekaa nyuma ya jiko lake na daftari mapajani. Kesho mtoto wake anabatizwa, na mpaka sasa sijui kama atapewa jina lako. Wakimnyima, kosa ni langu. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nabandika hadithi za sungura na kinyonga kwenye ubao wa shule, chini nimeandika jina langu, Agripina, na watoto wa shule ya msingi ya jirani wakija kuzisoma. Halafu nikaandika ile ya kwanza ya kutisha, ya mwanamke anayesikia mtu akitwanga jikoni kwake wakati kinu kiko kwa jirani. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliisoma amesimama. Akasema ni nzuri, ila nisiitie jina langu. Jina la mwandishi, alisema, ni kama kibao cha duka; mtu asiingie kununua sukari akauziwa sumu ya panya. Langu libaki na watoto, za kutisha nizitafutie jina jingine.

Nilijaribu majina jioni nzima, wewe ukichambua maharage. Yote uliyacheka. Moja ulisema linafaa kuwa dawa ya kikohozi. Kisha ukasema, "Chukua langu. Limekaa tu."

Nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba una jina. Mtaani kwetu Mazwi ulikuwa Bibi, au Mama Editha. Ukaniambia tangu Babu afariki hakuna aliyekuita Leokadia, na ungependa kulisikia tena kabla hujafa.

Na ulilisikia. Siku ile kwenye mashine ya kusaga, wanawake walipobishana kama huyo Leokadia wa kwenye simu ni mjane au ni sista aliyetoroka utawa, ulikaa juu ya gunia lako kimya kama hayakuhusu. Ulipofika nyumbani ulicheka mpaka ukashika mwimo wa mlango.

Lakini kuna jambo nilikuficha. Dada Zuhura wa steshenari, yule aliyekuwa akizichapa na kuzituma kwenye kundi la hadithi la kwenye simu kila Ijumaa, aliniuliza mwanzoni kabisa ni za nani. Nilimjibu, "Nimetumwa na bibi." Niliona aibu. Niliogopa akijua ni za mwanafunzi ataziweka chini ya meza na kuzisahau. Uongo mdogo, Bibi. Niliusema mara moja tu, sikuurudia.

Siku tuliyokuzika walisoma wasifu wako, na ndipo watu wengi walipolisikia jina lako kwa mara ya kwanza. Leokadia. Nilisikia mnong'ono ukipita nyuma yangu, nikadhani ni huzuni.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimemwachia Dada Zuhura hadithi kabla hujalazwa, nikaisahau. Yeye alikuwa Kabwe kwa ndugu zake, hakuwa na habari ya msiba, akaituma kama kawaida. Watu wamekaa uani kwetu, udongo wa kaburi lako haujakauka, simu zikaanza kuita moja baada ya nyingine: hadithi mpya ya Leokadia. Mama mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga. Hata kanga yake aliiacha kwenye mkeka.

Dada Zuhura aliporudi wakamuuliza. Akasema anachokijua, kwamba hadithi ni za bibi, mjukuu anatumwa tu. Tangu hapo hawasemi kwamba ulikuwa unaandika. Wanasema ulikuwa unajua. Wanasema mtu hawezi kuyatoa yote yale kichwani bila kuwa ameyaona. Bibi, huku kwetu unajua maneno hayo yakisemwa juu ya mwanamke mzee yana maana gani. Wewe uliyekuwa ukiwachomea mahindi watoto wa njia nzima! Sasa watoto haohao wakifika kwenye geti letu wanavuka upande wa pili.

Kisha Shangazi akajifungua mtoto wa kike. Baba alifurahi, maana jina la mtu mzima halitakiwi kulala; akifa anatafutiwa mtoto wa kulibeba. Lakini mama mkwe wa Shangazi akatuma ujumbe: jina hilo lina kazi zake, haliingii ndani kwake.

Hapo ndipo nilipomwambia Baba kila kitu. Hakunipiga. Alikaa ameshika kichwa, na hilo liliniuma zaidi. Dada Zuhura akakubali nizungumze kwenye kundi kwa sauti yangu mwenyewe, nikasema ni mimi, nilikuwa nimeazima jina tu. Wakajibu kwamba familia imetafuta mtoto wa kujificha nyuma yake. Mmoja aliandika, "Poleni kwa msiba, lakini mtoto wa kidato cha tatu hayo atayatoa wapi?"

Bibi, hujawahi kusema kweli ukaona watu wanaitazama kama uongo mbaya kuliko ule wa kwanza?

Jana nilipanda basi nikaja na madaftari yote. Mama mkwe hakuyafungua. Alisema mwandiko unaweza kuwa wangu na maneno yakawa yako. Kisha akavuta kigoda, akakiweka mbele yake. "Andika hapa nikuone."

Sikuwa na kitu. Nilichana karatasi ya kwanza, nikachana ya pili. Shangazi alikuwa mlangoni na mtoto, ananitazama kama mtu anayemtazama aliyeteleza mtoni. Mwisho niliandika ninachokiogopa kweli: msichana anayemwita bibi yake kwa jina uani, na kila anayelisikia anafunga mlango, mpaka kijiji kizima kinabaki milango. Mama mkwe hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia Shangazi aepue maharage, yanaungua. Ndipo akasema, "Ni wewe. Nimekuona."

Nilitaka kumwangukia miguuni. Lakini alikuwa hajamaliza. "Mimi nimekuona. Hao wengine atawaonyesha nani?" Akasema ataamua huko huko kanisani.

Nimeshafikiri cha kuwaonyesha. Narudisha jina lako, Bibi. Dada Zuhura atazituma upya hadithi zote, moja kila Ijumaa, na kila moja itakuwa na jina Agripina. Mwalimu atasema nimewachanganya wasomaji. Hadithi za watoto ndizo nitakazozibunia jina, lisilo la mtu yeyote aliye hai wala aliyezikwa. Anayetaka kuogopa aniogope mimi. Mimi nina mdomo wa kujibu na miguu ya kukimbia, wewe huna tena. Naogopa sana, lakini nitafanya hivyo.

Ndani wanapiga pasi gauni jeupe la mtoto. Ana paji la uso kama lako, lile linalotoka mbele kana kwamba linataka kufika kabla yake. Nimempakata asubuhi, nikashindwa kumwita chochote.

Kesho padri atauliza mtoto anaitwa nani, nami nitakuwa nimesimama nyuma ya Shangazi nikisikiliza. Likitajwa, nitakuja kaburini Jumatatu kukupa habari. Lisipotajwa nitakuja vilevile, na nitakuita Leokadia kwa sauti, watu wanisikie.

Pumzika, Bibi yangu.

Mjukuu wako,
Agripina