Jina la Baba Mukwe

Jumanne. Tangu asubuhi volkano inatoa moshi, na mabomu yanalia upande wa Kibumba. Lakini leo si mabomu yananisumbua.

Kwa mwenye kusoma hapa mara ya kwanza: ninafanya kazi kwenye kituo cha afya, Munigi. Ninaelezea wazazi namna ugonjwa unapita katika damu yao mpaka kwa mutoto. Mimi ni Munande wa Butembo. Kwetu ukiulizwa jina la mutu unalitaja, basi.

Leo alikuja Mama Neema, mukimbizi wa Rutshuru anayeishi kambi ya Kanyaruchinya. Alikuja na mama mukwe wake na mutoto, Neema. Neema ana drepanositose, ugonjwa wa damu wa kurithi: damu inamuishia, mifupa inamuuma mpaka anakosa sauti ya kulia. Baba yake aliahidi kuja kesho tumupime damu. Nyumbani walishaanza kusema damu mbaya ni ya muke.

Nikaanza kuchora ukoo. Nikauliza Mama Neema baba mukwe wake anaitwa nani. Akainama kutengeneza nguo ya mutoto. Nikauliza tena, akaangalia chini. Mimi nikafikiri anaficha kitu, nikajifanya mukubwa.

"Mama, usinifiche. Ni kwa ajili ya mutoto."

Akalitaja, kwa sauti ndogo sana.

Mama mukwe akasimama, akafunga mutoto mugongoni, akatoka bila kuaga. Mama Neema akamufuata. Sikuwa hata nimefika pa kueleza ugonjwa.

Infirmière mwenzangu, muuguzi binti wa Rutshuru, ndiye alinifungua macho. Kwao mwanamuke aliyeolewa hataji jina la baba mukwe, hata akiwa alishakufa. Kulitaja mbele ya mama mukwe ni kumutukana.

Mungu wangu, na mimi ndiye nilimulazimisha.

Jioni nikapigia Papa Neema simu. Akajibu kwa heshima: kesho atakuja, aliahidi. Nikauliza, na mama ya mutoto?

"Mama yangu amemurudisha kwao. Alipanda pikipiki muchana."

Kwao ni huko Rutshuru, ngambo ya mapigano. Mutoto amebaki.

Ugonjwa huu haushiki mutoto bila kipande cha mama na kipande cha baba. Kesho, hata kabla ya majibu, nitamuambia Papa Neema kwamba nusu ni yake, na kosa la lile jina ni langu. Atanisikia, ni mutu mupole.

Halafu nani atavuka mustari wa vita kumurudisha Mama Neema kwa mutoto wake?